Mnyonge Akishinda, Habari Yake Huandikwaje?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu.



Mliniomba nizungumze juu ya habari: jinsi zinavyoandikwa, na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuzisoma au kuzisikiliza bila kumeza kila kitu. Nilifikiri sana nianzie wapi. Ningeanzia siasa, lakini hapo tungegombana kabla ya chai. Kwa hivyo nimechagua mchezo, tena mchezo wa mbali, wa Marekani. Hapa hakuna mtu mwenye timu yake ndani, basi hakuna atakayekasirika.

Mchezo wenyewe ni mpira wa vikapu wa vyuo vikuu. Wale waliocheza netiboli shuleni wanaweza kuuelewa upesi. Ni ndugu yake, ila huku mchezaji anaruhusiwa kwenda na mpira akiudundisha chini. Na ukitupia kutoka mbali, nyuma ya mstari uliochorwa, mpira ukiingia unapata pointi tatu badala ya mbili. Mkumbuke hiyo ya pointi tatu, tutairudia.

MASHINDANO YENYEWE

Kila mwaka ikifika Machi, vyuo zaidi ya 60 huchaguliwa kushindania ubingwa wa nchi upande wa wanaume. Ni mtoano. Ukishindwa mara moja tu, unafunga virago unarudi nyumbani.

Kamati huzigawa timu katika kanda nne, na katika kila kanda timu hupewa namba, 1 mpaka 16. Namba 1 ndiyo inayohesabiwa kuwa kali kuliko wenzake, na namba 16 ndiyo ya mkiani. Sasa, katika raundi ya kwanza namba 1 hukutanishwa na namba 16. Mmeona mpango huo? Mwenye nguvu huanza na mnyonge. Ni kama zawadi yake kwa kufanya vizuri msimu mzima.

Tangu mwaka 1985, timu zilipokuwa 64, mpaka jioni moja ya Machi 2018, namba 1 na namba 16 za wanaume zilikuwa zimekutana mara 135. Namba 16 alishinda mara ngapi? Hata mara moja. Sufuri kwa 135.

Jambo lingine: mashindano haya ni pesa. Mwaka 2010 makampuni ya televisheni, CBS na Turner, yalikubali kulipa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 ili kuyaonyesha. Mwaka 2016 wakaongeza mkataba hadi 2032, kwa bilioni 8.8 nyingine. Mtu aliyelipa pesa kama hizo hatafuti mchezo peke yake. Anatafuta hadithi ya kuwafanya watu wakae mbele ya televisheni wasiondoke. Na hakuna hadithi inayouzika kama ya mnyonge kumwangusha kigogo.

USIKU WA CHARLOTTE

Basi tarehe 16 Machi 2018, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, Chuo Kikuu cha Virginia kiliingia uwanjani. Hao walikuwa wameshinda mechi 31 na kushindwa 2 tu. Waliwekwa nafasi ya kwanza nchi nzima. Sifa yao kubwa ilikuwa ulinzi. Kwa wastani, timu iliyocheza nao ilipata pointi kama 53 tu katika mechi nzima.

Upande wa pili kulikuwa na chuo kinachoitwa University of Maryland, Baltimore County. Kwa kifupi huitwa UMBC. Ni chuo cha karibu na mji wa Baltimore, kinachojulikana kwa masomo ya sayansi na kwa mchezo wa sataranji, ule ambao vijana huuita chesi. Katika mpira wa vikapu, watu wengi hata jina lake hawakulijua. Mmoja wa wachezaji wake, K.J. Maura, ana urefu wa futi 5 na inchi 8. Hata hapa kwenye mkutano huu naona vijana wanaomzidi.

Walipokwenda mapumziko walikuwa sare, 21 kwa 21. Watazamaji wakaanza kuitana. Kipindi cha pili, UMBC wakapata pointi 53. Yaani zile pointi ambazo wengine walizipata kwa mechi nzima wakicheza na Virginia, hawa walizipata kwa nusu ya mechi! Jairus Lyles peke yake alifunga 28. Mwisho ukawa 74 kwa 54. Huo si ushindi wa kuponea chupuchupu. Kigogo ameanguka chini kabisa, matawi na yote.

HADITHI YA CINDERELLA

Sasa tuje kwa waandishi na watangazaji. Walisema nini?

Wamarekani wana jina la timu kama hiyo. Huiita Cinderella. Hilo ni jina la binti katika hadithi ya kale, anayeteswa na mama wa kambo. Siku moja anatokea mwenye nguvu za ajabu, anampa nguo nzuri na viatu, anakwenda kwenye ngoma ya mfalme. Lakini saa sita ya usiku ikigonga, kila kitu kinapotea na anabaki na matambara yake. Sisi nasi tunazo hadithi za mama wa kambo, kwa hivyo tunaelewa.

Wakasema pia ni muujiza. Wakaandika juu ya mbwa, kwa sababu jina la utani la timu hiyo ni aina ya mbwa. Kwenye mtandao, ukurasa wa michezo wa chuo hicho uliokuwa na wafuasi elfu chache ulipita laki moja kwa siku chache tu, kwa sababu kijana aliyekuwa akiuandika aliwajibu kwa mzaha wale waliowadharau. Watu walicheka, wakafurahi. Hata mimi nilifurahi.

Lakini hebu tuulize. Katika hadithi ya Cinderella, yule binti alifanya nini kupata zile nguo? Hakuna. Alipewa. Na saa sita ilipofika alifanya kosa gani? Hakuna. Alinyang'anywa. Mwandishi akiipa timu jina hilo, anawaambia wasomaji mambo mawili bila kuyataja: kwamba walichopata walipewa, na kwamba si chao, kitaondoka kesho.

Ndugu zangu, waswahili walisema zamani: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna chombo kinachoelea baharini ambacho hakikuchongwa na fundi. Tutazame fundi alifanya nini.

ILIVYOUNDWA

Msimu wa 2015 hadi 2016, UMBC walishinda mechi 7 na kushindwa 25. Mwaka 2016 akaja kocha mpya, Ryan Odom. Msimu wake wa kwanza wakashinda 21. Msimu wa pili ndio huu tunaouzungumzia.

Na msidhani msimu huo ulikuwa mteremko. Januari 2018, wiki nane tu kabla ya usiku wa Charlotte, walikwenda kucheza na chuo cha Albany. Walipigwa 83 kwa 39. Tofauti ya pointi 44! Hebu fikiria kikao chao baada ya hapo. Kikundi kingine kingevunjika siku hiyohiyo. Kila mtu angemlaumu mwenzake, mwenyekiti angejiuzulu, na kitabu cha kumbukumbu kingepotea. Hao walirudi mazoezini.

Machi wakafika fainali ya ligi yao, dhidi ya chuo cha Vermont. Vermont alikuwa amewashinda mara 23 mfululizo. Mara ishirini na tatu! Mechi ikawa sare mpaka sekunde za mwisho, Lyles akatupia kutoka mbali, pointi tatu, 65 kwa 62. Bila mtupo huo, Charlotte wasingefika.

Na pale Charlotte walikuwa na mpango. Walijua hawawezi kusukumana chini ya kikapu na watu warefu. Kwa hivyo walikimbia, wakatawanyika uwanjani, wakatupia kutoka nje ya ule mstari niliowaambia. Walitupia mara 24, zikaingia 12. Virginia nao walitupia kutoka nje mara 22, zikaingia 4. Hapo ndipo mechi ilipoamuliwa. Hesabu hiyo ilikuwepo kwenye karatasi usiku huohuo, kila mwandishi alikuwa nayo mkononi.

Sisemi bahati haikuwepo. Virginia walikuwa wamempoteza mchezaji wao hodari, De'Andre Hunter, aliyevunjika mkono siku chache kabla ya mashindano. Na siku nyingine mitupo ile ya mbali hukataa. Bahati ilikuwepo. Lakini bahati ilikuta watu wamejiandaa. Mwandishi mwema husema yote mawili.

"MARA YA KWANZA" KWELI?

Hapa nataka akina mama na wasichana mnisikilize vizuri.

Usiku ule baadhi ya watangazaji na vichwa vya habari vilisema: kwa mara ya kwanza katika historia, namba 16 amemshinda namba 1. Watu wakarudia. Je, ilikuwa kweli?

Haikuwa kweli. Ilikuwa imekwisha kutokea miaka 20 kabla, tarehe 14 Machi 1998, katika mashindano ya wanawake. Timu ya wanawake ya Harvard, namba 16, iliwashinda Stanford, namba 1, kwa 71 kwa 67. Tena ilikuwa nyumbani kwa Stanford, katika uwanja wao wenyewe, ambako walikuwa wameshinda mechi 59 mfululizo.

Harvard ni chuo chenye jina kubwa na mali nyingi, mtasema si mnyonge. Kwa masomo, sawa. Lakini chuo hicho hakitoi msaada wa karo kwa sababu mtu anajua kucheza. Stanford walikuwa wamechukua ubingwa mwaka 1990 na 1992. Harvard waliingia kwenye mashindano mwaka 1996, wakatolewa raundi ya kwanza. Wakaingia 1997, wakatolewa tena raundi ya kwanza. Mwaka wa tatu ndio huo. Kocha wao, Kathy Delaney-Smith, alikuwa amefundisha hapo tangu 1982. Mchezaji wao Allison Feaster aliongoza nchi nzima msimu huo kwa kufunga, na usiku ule alifunga pointi 35 na kudaka mipira 13 iliyogonga kikapu ikarudi.

Stanford walikuwa na wachezaji wawili muhimu walioumia magoti siku chache kabla. Hilo liliandikwa sana, na ni haki liandikwe. Lakini mnaona jambo? Wanawake waliposhinda, majeruhi wa upande wa pili ndiyo ikawa maelezo. Wanaume waliposhinda, na huko nako kulikuwa na majeruhi, neno likawa historia.

Kuweka neno "wanaume" katika sentensi kungechukua muda gani? Nusu sekunde. Kusema "kwa mara ya kwanza katika mashindano ya wanaume" ni ukweli. Kusema "kwa mara ya kwanza" na kunyamaza ni kufuta kazi ya wasichana wale. Na msichana mdogo anayesikiliza anajifunza nini? Kwamba hata ukiangusha kigogo, watakusahau.

Haya si ya jina tu. Mwaka 2021, mchezaji mmoja wa chuo cha Oregon, Sedona Prince, alipiga picha ya video kwa simu yake kuonyesha chumba cha mazoezi walichopewa wanawake huko San Antonio: rundo moja dogo la vyuma. Wanaume walikuwa wamepewa ukumbi mzima. Video ile ilienea nchi yote, na uchunguzi ukafanywa. Hata jina maarufu la mashindano, March Madness, yaani wazimu wa Machi, wanawake walianza kulitumia mwaka 2022 tu. Na ati husemwa watu hawapendi kutazama wanawake! Mwaka 2024 fainali yao ilitazamwa na karibu watu milioni 19 Marekani. Ya wanaume mwaka huohuo, karibu milioni 15. Kumbe watazamaji walikuwepo. Kilichokosekana ni kuonyeshwa.

ALIYESHINDWA NAYE NI MTU

Kuna upande mwingine ambao habari za namna hii husahau. Akishinda mnyonge, kigogo huwa kichekesho.

Wachezaji wa Virginia walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi. Picha zao wakiwa wameinama wakilia zilizunguka dunia nzima. Walitumiwa vitisho. Mmoja wao, Kyle Guy, baadaye aliandika waziwazi jinsi alivyosumbuliwa na wasiwasi moyoni. Kocha wao, Tony Bennett, hakukimbia. Alikaa mbele ya waandishi usiku uleule akakubali kwamba wameshindwa, akawasifu waliomshinda.

Mwaka uliofuata, 2019, Virginia walirudi. Katika nusu fainali dhidi ya Auburn walikuwa nyuma kwa pointi mbili, Kyle Guy akapewa mitupo mitatu ya adhabu, karibu hakuna muda uliobaki. Akaingiza yote mitatu. Fainali wakaifunga Texas Tech, 85 kwa 77, baada ya muda wa nyongeza. De'Andre Hunter, yule aliyevunjika mkono, alifunga 27. Wakawa mabingwa. Wale waliowacheka mwaka 2018 walilazimika kuandika upya.

JE, WALIJIFUNZA?

Tarehe 17 Machi 2023 ikatokea tena. Chuo cha New Jersey, Fairleigh Dickinson, namba 16, kiliishinda Purdue, namba 1, kwa 63 kwa 58. Purdue walikuwa na Zach Edey, mtu wa futi 7 na inchi 4. Fairleigh Dickinson walikuwa timu fupi kuliko zote za daraja hilo. Msimu uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 4 tu.

Siku mbili kabla, kamera iliingia chumbani mwao ikamkuta kocha Tobin Anderson akiwaambia vijana wake kwamba kadiri anavyozidi kuwatazama Purdue, ndivyo anavyozidi kuamini wanaweza kuwashinda. Watu wakamwona mwenye majivuno. Kumbe alikuwa amefanya kazi ya kutazama. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Safari hii waandishi wengi walisema "mara ya pili katika mashindano ya wanaume", na wengi wakawataja wasichana wa Harvard. Hiyo ni hatua. Ilipatikana kwa sababu waliokumbuka hawakunyamaza.

MASWALI MATATU YA KUBEBA

Basi ukisoma gazeti, ukisikiliza redio, au ukiletewa habari kwenye simu kwamba mnyonge ameshinda, uliza maswali matatu.

La kwanza: wameniambia alishindaje, au wameniambia tu nishangae? Kushangaa ni kutamu, lakini hakukufundishi kitu.

La pili: ni nani aliyefanya jambo hili kabla yake, na kwa nini hatajwi?

La tatu: aliyeshindwa wamemwachia utu wake?

Neno muujiza ni zito kwetu, tusilitumie kufunika jasho la watu. Siku mwandishi atakapokuja kwenye kikundi chenu, akaona tangi la maji au ng'ombe wa maziwa akataka kuandika kwamba mmebahatika, mwonyesheni kitabu cha kumbukumbu. Mwonyesheni hata ule mwezi mliopigwa pointi 44.

Nimalizie na hili. Yule kocha Ryan Odom, wa chuo ambacho watu hawakujua jina lake, baadaye alifundisha Utah State, kisha VCU. Mwaka 2025 chuo kimoja kikubwa kilimwajiri awe kocha wake mkuu. Chuo gani? Virginia. Walewale aliowaangusha.

Waandishi waliona saa sita ya usiku. Virginia waliona fundi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kumbuka habari moja uliyoisikia wiki hii kuhusu mtu aliyefaulu. Je, ilieleza alifauluje?

2. Katika eneo letu, ni kazi gani ya akina mama iliyosahauliwa, sifa zikaenda kwa waliokuja baadaye?

3. Kikundi chetu kimewahi kupata pigo kubwa. Je, tuliliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, au tulilificha? Tulifanya nini wiki iliyofuata?

4. Mgeni akituuliza leo tumefikaje hapa, nani kati yetu anaweza kumjibu kwa tarehe na hesabu?